Wakuu, kusaini mahudhurio ya mkutano wa kijiji ndiyo kuridhia? Diko letu limepakwa rangi ya utalii

#1 Mpwa wa Nahodha
Habari zenu wakuu.

Kijiji chetu kiko pwani ya kusini, jina naliweka kapuni. Mwaka huu tumeandaliwa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wataalamu walikuja na gari kutoka wilayani, mkutano mkuu ukaitishwa saa nne asubuhi, daftari likapita tukasaini, ramani ikabandikwa kwenye ubao wa darasa la nne uliotolewa nje chini ya mwembe. Nilihesabu kichwa kwa kichwa: tulikuwa 41. Kijiji kina kaya zaidi ya 300. Ikaulizwa "kuna swali?" Kimya. Mzee mmoja akauliza habari za zahanati, akajibiwa kwamba hiyo ni ajenda nyingine. Saa saba tukatawanyika.

Wiki tatu baadaye ramani ya rangi ikabandikwa ofisi ya kijiji. Diko letu, yaani pale wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki, pale babu yangu alipokuwa anapaki ngalawa, limepakwa waridi. Ufunguo wa pembeni unasema waridi ni "utalii na uwekezaji". Nikamfuata mtendaji. Akanifungulia daftari: "Wananchi walishirikishwa na kuridhia." Na saini yangu ipo, namba 17.

Sasa naulizeni, kusaini mahudhurio ndiyo kuridhia? Na kwa nini tulikuwa 41 siku ile, halafu leo kijiji kizima kinalia?

Naomba kuwasilisha.

#2 Kirukanjia
Ngalawa haipakiwi mkuu, hiyo ni bodaboda. Ngalawa inavutwa pwani. Mkiwaambia wageni mnapaki, wanaona ni maegesho tu, wanawahamisha 😂

Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Fundi Ramani
Nimefanya kazi hizi za kupanga vijiji muda mrefu, sasa nimestaafu, kwa hiyo nitasema bila kuogopa posho.

Mahudhurio ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Basi. Uamuzi unatakiwa uonekane kwenye muhtasari: nani alitoa hoja, wangapi waliunga mkono, wangapi walipinga. Kama muhtasari una sentensi moja tu ya "waliridhia", uliza kura ilipigwaje.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, na mpango lazima upite mkutano mkuu. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita. Ulichosimulia ni hatua ya pili, ya tatu na ya nne zimebanwa ndani ya asubuhi moja, maana fedha za mafuta zilikuwa za siku moja.

Kuhusu ule ukimya, nikupe kisa. Kijiji kimoja tulianza kwa karatasi, watu kimya kama wako msibani. Mwenzangu akaikunja, akaomba jivu jikoni kwa jirani, akachora barabara chini mchangani. Makuti yakawa mashamba ya minazi, maganda ya chaza yakawa visima. Dakika kumi hazijapita watu wako magotini wanagombana. Mama mmoja akachukua ganda la chaza akalisogeza hatua mbili, akasema "kisima kiko hapa, hapo mlipokiweka ni kaburi la mkwe wangu". Kwenye karatasi asingesema, maana karatasi ni ya wasomi, na mchanga ni wake.

Swali langu kwako: kabla ya ile ramani ya ubaoni, nyinyi mlichora ya kwenu?

#4 Mama Mwani
Mpwa wa Nahodha, taja ilikuwa mwezi ngapi. Sio Machi au Aprili, nauliza mwezi wa angani.

#5 Mpwa wa Nahodha
@Fundi Ramani hatukuchora. Walikuja na ya kwao tayari, wakatuonyesha kwa fimbo.

@Mama Mwani mwezi ulikuwa mpevu, nakumbuka usiku wake tulikaa nje bila taa.

#6 Mama Mwani
Basi nimepata jibu lako na sikuhitaji sheria.

Mwezi mpevu ni bamvua. Bamvua pwani yetu yote hii maji yanakupwa saa nne, saa tano asubuhi. Yanakwenda mbali kabisa, mwamba wote unatoka nje. Hizo ndizo siku za kufunga mwani na kuchokoa pweza. Kwa mwezi tunapata kama siku tano mwezi mpevu na tano mwandamo, zilizobaki ni maji mafu, hata ukienda unalowa kiuno bure. Sasa mtu ananiita mkutanoni saa nne asubuhi siku ya bamvua. Nikae chini ya mwembe nisikilize "ukanda wa kinga" wakati pweza wangu anachukuliwa na mwingine?

Wanawake mlikuwa nao wangapi kati ya hao 41?

#7 Mpwa wa Nahodha
Sita. Wawili walimu, mmoja muuguzi.

#8 Mama Mwani
Umeona.

#9 Mzee wa Dago
Shikamooni mliokubali shikamoo.

Bi Mama Mwani kasema kweli lakini kasema nusu, maana anaangalia bahari kutoka nchi kavu. Sisi wa dagaa tunavua gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo tuko nyumbani tunashona nyavu. Siku hiyo ya mkutano wanaume wa dagaa walikuwepo kijijini wote. Hawakuja. Kwa hiyo bamvua pekee haielezi.

Mimi nahamahama, kusi huku, kaskazi kule, vijiji vya dago, yaani kambi za wavuvi wanaohama, nimelala visivyo na hesabu. Kila kijiji nikifika naambiwa "wewe mgeni, mkutano sio wako". Nikikaa miezi minne bado mgeni. Ikija michango ya ujenzi wa choo cha dikoni, hapo mimi ni mwananchi.

#10 Jicho la Kipanga
Mnazunguka mbuyu. Watu hawaji kwa sababu hakuna posho. Tangazeni soda na elfu tano, muone kama hiyo bamvua itawazuia.

Na sheria inasema mita 200 kutoka baharini ni za serikali, kwa hiyo diko halikuwa lenu tangu mwanzo. Acheni kulia.

#11 Fundi Ramani
Mkuu Kipanga, mita 200 umezitoa wapi? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataja mita 60 kutoka ufukweni, na hakisemi ni "za serikali". Kinazuia shughuli za kudumu za binadamu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita hizo. Kuvuta ngalawa mchangani ni jambo moja, kujenga hoteli ya zege ni jambo jingine. Ukiisoma vizuri, yenye shida zaidi ni rangi ya waridi, diko halina shida.

Kitu ambacho kweli si cha kijiji ni mikoko. Hiyo ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu, kijiji hakiwezi kuipangia matumizi kitakavyo. Pengine hapo ndipo ulipochanganya.

#12 Jicho la Kipanga
Sawa, 60. Hoja ya soda inabaki.

#13 Bi Shehia
Nyie wa bara mna raha, mna mkutano mkuu wa kugomba nao. Sie huku visiwani tuna sheha, na sheha anateuliwa, hachaguliwi. Ardhi ni ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1992, wewe una haki ya kuitumia. Mwani wa biashara ulianza huku pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanawake wakajenga nyumba kwa mwani. Mahoteli yakaja nyuma yake. Leo kuna mahali nikipita na tenga kichwani naambiwa nizunguke, wageni wanapiga picha.

Mimi niliwahi kuitwa kwenye hayo mashauriano. Tulikaa ukumbini, feni inazunguka, kijana anaongea "wadau, wadau". Nikamuuliza shoga yangu mdau ni nani, akasema ni yule anayelipwa nauli. Tukacheka, tukaambiwa tunyamaze.

#14 Kirukanjia
"Mdau ni yule anayelipwa nauli." Hii naiandika ukutani.

#15 Mkwezi wa Lamu
Hamjambo majirani. Sisi huku Kenya tuna neno "public participation" hadi watoto wanalijua, limo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 10. Samahani kwa Kiingereza, ndivyo tunavyoliita hata misikitini. Na bado.

Bandari ya Lamu ilipokuja, wavuvi walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, sababu kubwa ni hiyo hiyo, ushirikishwaji. Kwa hiyo saini ya mahudhurio si mwisho wa safari, inaweza kupingwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba karatasi ya mahakama inarudisha samaki. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Mjomba wangu alikuwa akivua kwa jarife, ule wavu mkubwa, mkondoni pale, sasa ana bodaboda. Anaipaki vizuri tu.

#16 Kirukanjia
😂😂 Huyo ameruhusiwa kupaki.

Pole kwa mjomba lakini.

#17 Mjukuu wa Operesheni
Nadhani mnawasahau wazee. Bibi yangu hajawahi kuhudhuria mkutano wowote wenye neno "mpango". Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, walikuja watu na kamba na vigingi, wakasema mtahamia barabarani, huko kutakuwa na maji na shule. Walihamishwa kutoka kwenye mikorosho yao wakati imeanza kutoa maua. Mikorosho ikazeeka na nyasi. Shule ilikuja kweli, sikatai, nimesoma hapo. Lakini yeye akiona mtu ameshika kamba ya kupimia anafunga mlango.

Kwa hiyo ukimya wa mkutanoni mimi siuiti ujinga wala njaa ya soda. Watu walishajifunza kwamba ukisema unahama na ukinyamaza unahama, bora unyamaze usionekane mkorofi.

#18 Jicho la Kipanga
Mkuu hiyo ni miaka 50 iliyopita. Waliokuwa na miaka 20 leo wana 70. Vijana je? Vijana nao walihamishwa mikorosho?

#19 Mjukuu wa Operesheni
Vijana wameuza mashamba ya hao waliohamishwa, wakanunua pikipiki. Hawaji mkutanoni kwa sababu hawataki kuulizwa wamemuuzia nani.

#20 Mpwa wa Nahodha
Duh. Hili limenigusa, maana nyuma ya diko kuna viwanja vitatu vyenye nyaya na hakuna anayejua vya nani. Yaani wanajua, hawasemi.

#21 Wakili Njaa
Ngoja niwatoe kwenye hadithi niwarudishe kwenye sheria, halafu mtanirudisha kwenye hadithi.

Rangi kwenye ramani haihamishi umiliki. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kama mdhamini, na haiwezi kugawa kipande bila idhini ya mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18, si wale waliosaini tu. Mzee wa Dago, neno ni mkazi, halisemi mzaliwa. Miezi minne kila mwaka mahali pale pale, hapo mawakili wanaweza kula pesa yako vizuri.

Mwekezaji asiye raia hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ardhi inahawilishwa kwanza, yaani inatolewa kwenye ardhi ya kijiji, kuwa ardhi ya jumla. Kama haizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi, waziri anaamua baada ya kusikia mapendekezo ya mkutano. Diko lako hekta ngapi, Mpwa? Mbili? Basi uko upande salama.

Kuna mlango mwingine. Sheria inatambua ardhi ya pamoja ya kijiji, ile inayotumiwa na wote kwa mila: malisho, njia, makaburi, diko. Halmashauri inatakiwa iwe na rejesta ya ardhi hiyo. Nenda kaombe kuiona. Nakuhakikishia utaletewa kiti, na maji ya kunywa, rejesta hutaiona.

#22 Fundi Ramani
Nyongeza kwa Wakili. Yote hayo ni kama bado ni kijiji. Eneo likitangazwa kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, mambo yanabadilika na mkutano mkuu unapoteza meno. Pwani hii miji inatambaa. Hakikisha hilo kwanza.

#23 Kirukanjia
Kwa hiyo mkuu Wakili anasema: hajanyang'anywa, ila amepakwa rangi. Kama mbuzi wa mnada. Hajachinjwa, ana alama tu mgongoni.

#24 Mtendaji Mstaafu
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka tisa, vijiji vitatu, viwili vya pwani. Ngojeni niseme upande ambao humu hausemwi.

Tarehe ya mkutano sikuwahi kupanga mimi. Napigiwa simu Jumatatu: wataalamu wanakuja Alhamisi, gari limepatikana, andaa watu. Gari hilo hilo Ijumaa lina kazi ya chanjo. Nitaanzaje kumwambia ofisa wa wilaya kwamba Alhamisi ni bamvua? Nilijaribu mara moja. Akaniuliza, "Bamvua ndiyo nini, sikukuu?" Ni mtu wa bara huko juu, si kosa lake, kwao hakuna bahari.

Matangazo nilibandika sehemu tatu. Nikampa kijana mbiu apite na baragumu. Kijana akapita barabara kubwa tu, kule bondeni hakufika, kuna matope. Siku ya majina ya TASAF, ile ruzuku ya kaya masikini, sikuhitaji baragumu, watu walifika kabla yangu. Kwa hiyo ndugu Kipanga hajakosea sana.

Na ile sentensi ya "wananchi walishirikishwa na kuridhia", mimi niliiandika mara nyingi. Muhtasari usipokuwa nayo unarudishwa. Niliwahi kuandika "wananchi walisikiliza". Ukarudishwa, na kalamu nyekundu. Nikaiandika upya ofisini peke yangu, saa mbili usiku, kwa tochi ya simu.

Sijisifii. Nimeulizwa kwa nini, nimesema.

#25 Mama Mwani
Mtendaji, nakushukuru kwa ukweli, lakini una uhakika ni gari tu? Kijijini kwetu mkutano wa kumpokea mgeni mkubwa ulihamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni kwa simu moja. Kwa hiyo tarehe huwa inahama. Inategemea nani anasubiriwa.

Na hata nikija nitasema saa ngapi? Sisi tunakaa nyuma, wanaume wamekaa kwenye viti vya shule. Baba mkwe yuko mstari wa mbele. "Kuna swali?" anaulizwa yeye, anageuka kuniangalia. Nitanyanyua mkono huo? Baraza la ardhi la kijiji sheria inasema wajumbe saba, watatu wanawake. Sisi tunao watatu. Mmoja ni mke wa mwenyekiti wa kitongoji, mmoja mgonjwa, mmoja ni mimi.

#26 Mtendaji Mstaafu
Hilo la kuhama tarehe sina jibu.

#27 Mzee wa Dago
Kuna sababu nyingine hamjaitaja. Ramani yenyewe. Mimi nikiangalia pwani naiangalia kutoka chomboni. Najua mnazi ule mrefu na paa la msikiti vikikaa mstari mmoja niko juu ya fungu, ule mchanga ulioinuka chini ya maji. Ile ramani yao imekata bahari. Ukifika kwenye mchanga, karatasi imekwisha, nyeupe tupu. Fungu halipo, mlango wa mwamba haupo. Wanauliza "hapa mnatumia kwa nini?" wakionyesha mchanga mtupu. Mchanga huo peke yake hauna maana. Unatumika kwa sababu mbele yake kuna mlango kwenye mwamba, ndipo chombo kinapopita maji yakiwa madogo. Ukituhamishia diko mita mia nne kaskazini umetupa mchanga mzuri na ukuta wa mawe.

#28 Fundi Ramani
Mzee, hapo umenikamata. Tulikuwa tunaishia ufukweni kwa sababu mpango ni wa ardhi, na bahari ni ya idara nyingine, kuna BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, na watu wa uvuvi. Sikumbuki hata mara moja tuliowaita meza moja.

#29 Bi Shehia
Mambo ya pweza yameniamsha hamu. Mama Mwani, nyie mnampiga mara ngapi?

#30 Mama Mwani
Mpaka alegee shoga. Hamsini, sitini, juu ya jiwe, halafu unamsugua mchangani povu litoke. Wa siku hizi wanaomtupa kwenye jokofu, sijui wanakula nini.

#31 Kirukanjia
Mkimaliza pweza mje kumpiga na yule wa kalamu nyekundu.

#32 Moda
Turudi kwenye mada. Post mbili za kutaja majina ya watu na kijiji nimezifuta. Bishaneni hoja.

#33 Jicho la Kipanga
Kurudi kwenye mada: Mpwa, mlikuwa 41, nyie 41 mlikuwa na mdomo. Bamvua, 1974, baba mkwe, yote sawa, lakini wewe namba 17 ulikuwepo, ramani uliiona ubaoni, na ulikaa kimya. Kwa nini?

#34 Mpwa wa Nahodha
Swali zuri, na nimelilalia siku mbili.

Ukweli sikuliona diko. Ramani ya siku ile ilikuwa ya penseli, nyeusi na nyeupe, na pale dikoni kulikuwa na mistari ya mshazari na herufi mbili, "M.M." Mtaalamu alisema ni "matumizi mseto". Nikadhani mseto ni sisi na wengine. Nikaona nzuri. Rangi zilikuja baadaye, na wakati wa kutia rangi mseto ukageuka waridi. Na niseme lingine: nilikuwa na haraka, nina genge la kufungua.

Leo nimekwenda ofisini na rafiki, tukaomba muhtasari. Tumepewa tusome hapo hapo, kupiga picha hapana. Kurasa mbili. Hoja ya diko haimo kabisa, wala neno mseto. Swali la mzee wa zahanati limeandikwa hivi: "Mwananchi mmoja alipongeza."

#35 Wakili Njaa
"Alipongeza"? 🤣 Hilo ni dhahabu. Huyo mzee yuko hai? Aandike barua kwa mkono wake kwamba hakupongeza, aliuliza. Nyaraka moja inayoonyesha muhtasari si sahihi ina nguvu kuliko watu mia wanaolalamika kijiweni. Na ombeni mkutano mkuu uitishwe, si lazima msubiri wa kawaida.

#36 Mtendaji Mstaafu
Msimbane sana mtendaji wenu wakati mnafanya hivyo. Mwenyekiti ameingia uchaguzi wa Novemba 2024, ana miaka yake mbele. Mtendaji anahamishwa kwa barua ya mistari mitatu.

#37 Mpwa wa Nahodha
Mrejesho wakuu. Mzee ameandika barua, nimemshikia taa, ameandika kwa herufi kubwa zote. Mkutano umekubaliwa, wametupangia siku ambayo mwezi wa angani utakuwa 16, saa nne asubuhi.

#38 Mama Mwani
Mwezi 16, saa nne. Bamvua. Hawa watu wana kalenda yangu?

#39 Mzee wa Dago
Sogezeni muda, siku iacheni. Mwezi 16 sisi wa dagaa tuko nchi kavu. Saa kumi alasiri maji yamejaa, akina mama wametoka mwambani zamani, wameshaoga. Hiyo ndiyo saa pekee wote tunakuwa upande mmoja.

#40 Bi Shehia
Na baba mkwe je, naye anakupwa saa ngapi?

#41 Mpwa wa Nahodha
Nimempelekea mtendaji wazo la Mzee. Anasema yeye hana shida, ila saa kumi gari la wilaya linakuwa limeshaondoka, dereva lazima afike mjini kabla ya giza. Na bila mtaalamu ramani haiwezi kubadilishwa.

#42 Kirukanjia
Gari ndilo linalopakiwa mkuu. Lipakini hapo dikoni lilale. Mwambieni tu dereva asishuke chini sana, maji ya bamvua saa kumi yanafika kwenye minazi.